Gongo Nililolitoa Kwenye Kuni

Nina umri wa miaka ishirini na sita. Nimesoma hadi kidato cha nne, nina kazi ya ukarani katika ofisi moja mjini Machakos, nina mume mpole na mtoto mmoja wa kike. Ukinikuta sokoni utasema huyu dada hana shida duniani. Lakini kila ninaposhika kitu cha mbao, hata mwiko wa ugali, ni lazima kwanza nikigeuze nitazame chini yake. Mume wangu hunicheka kwa tabia hiyo. Hajui ilianza lini, na leo atajua pamoja nanyi, wasomaji wenzangu.

Nimeibeba siri hii miaka kumi na moja. Nilidhani itazeeka ife yenyewe... Haikufa. Waliokufa ni wengine.

Mama yangu alifariki nikiwa mdogo sana. Baba yangu, mzee Wambua, alikuwa mchongaji wa vinyago huko Wamunyu, na kwa kuwa hakujua atamlea vipi mtoto wa kike peke yake, alinipeleka kwa shangazi yangu aliyekuwa akiishi Katelembo nisomee huko. Shule zikifungwa nilirudi kwa baba. Nilikua kati ya nyumba hizo mbili, na nakiri nilipendwa katika zote mbili, kwa hiyo sina kisingizio.

Pale shuleni Katelembo ndipo ilipoanza timu yetu ya hoki ya wasichana, Katelembo Chipukizi. Najua wengi hamjawahi kuisikia. Iliishi miaka mitatu tu na sasa haipo, wala uwanja wake haupo, umelimwa mahindi.

Aliyeianzisha ni Mwalimu Rehema. Alikuwa mtu wa mjini, wa zile familia za Waislamu wenye maduka karibu na msikiti. Babu yake alitoka pwani, akaoa huku, wakabaki. Mwalimu alicheza hoki akiwa sekondari, na alipoletwa kufundisha kwetu akatukuta tunakaa tu kivulini wakati wa michezo huku wavulana wamechukua uwanja, alikasirika. Alitutuma vichakani tukate matawi yaliyopinda. Mpira wetu wa kwanza ulikuwa limau bichi lililozungushiwa kamba ya katani. Mama yake akatushonea sketi kwa kitambaa cha kijani ambacho, nina hakika, kilikuwa pazia.

Watu walitucheka sana. Mzazi mmoja alikuja kuuliza kama binti yake anafundishwa kusoma au kuchunga ng'ombe. Mwalimu akamjibu kwa upole kwamba anafundishwa yote mawili, na yule mzazi akaenda zake hajui kama amejibiwa au amechekwa.

Rafiki yangu wa damu katika timu ile alikuwa Kaluki. Tulikaa dawati moja tangu darasa la nne. Mama yake alikuwa mjane mwenye kibanda cha mboga, na Kaluki alikuwa mtoto wake wa pekee. Alikuwa na mbio, alikuwa na macho makali, na alikuwa mkweli kiasi cha kukera.

Siku moja baba alikuja kunitembelea akatukuta mazoezini. Alichukua tawi langu, akaligeuzageuza, akacheka mpaka akaketi chini. Lakini baada ya miezi mingi alirudi na mzigo wa magongo halisi mabegani, yamenyooka mpini na kupinda kichwa, laini kama sahani. Mwalimu Rehema alilia mbele yetu.

Naomba mnivumilie nieleze jinsi baba alivyoyatengeneza, kwa sababu hapo ndipo mkasa wangu ulipo.

Alitafuta mti wa mukau wenye tawi lililojipinda lenyewe tangu udogo, ili nyuzi za mbao zifuate ule mpindo. Alilichonga kwa tezo likiwa bado bichi. Kisha alilifunga kwa magazeti ya zamani na kulitundika juu ndani ya kibanda chake, pasipofika jua, likauke polepole. Lilining'inia huko miezi na miezi. Siku ya kulishusha alilishika karibu na sikio, akaligonga kwa kidole kama mtu anayebisha mlangoni kwa mgonjwa, akasikiliza. Likimridhisha alilipiga msasa, kisha akalichoma namba kwa ncha ya msumari wa moto. Lisipomridhisha alilitupa kwenye kuni, hata liwe limependeza vipi.

Ile namba ilikuwa jambo kubwa. Kila mchongaji katika kikundi chao alikuwa na yake, na aliichoma chini ya kila kitu alichokimaliza. Mnunuzi akilalamika, kitu kinageuzwa na mwenye mkono anajulikana. Namba ya baba ilikuwa mia moja ishirini na saba. Mwalimu Rehema alijua desturi hiyo, na hakuruhusu gongo lolote kuingia uwanjani kabla ya kuliona na namba.

Kulikuwa na jambo lingine ambalo wachongaji wote wanalijua na wanunuzi hawalijui. Twiga akipata ufa shingoni, hatupwi. Unachanganya unga wa mbao na gundi, unaujaza ule ufa, unapiga msasa, kisha unapaka rangi ya viatu. Hata mchongaji mwenzako hauoni. Niliifanya kazi hiyo tangu nikiwa na miaka minane, na baba alinisifu kwa vidole vyangu vyembamba. Lakini nilipomuuliza kwa nini hafanyi hivyo kwa magongo, uso wake ulibadilika.

"Twiga itakaa kwa meza ya mzungu, hakuna mtu ataipiga na kitu," aliniambia. "Gongo ni ya kupiga. Mwiitu wakwa, msichana wangu, usiwahi danganya mtu na gongo."

Nilisikia. Nataka mjue kwamba nilisikia vizuri kabisa.

Basi ukaja mwaka ule wa mvua za El Nino. Mnaikumbuka mvua ile... Madaraja yalisombwa, vyoo vikabomoka, na nguo zilikaa kambani siku nne zikanuka. Huko Wamunyu, ambako tumezoea kuomba mvua, watu walianza kuomba ikome. Mbao za baba zilining'inia tu kibandani na hazikukauka.

Mimi nilikuwa darasa la nane. Jioni moja nililiacha gongo langu nje kwa shangazi, likanyeshewa usiku na mchana, nikalikuta limepinda mpini. Sikumwambia Mwalimu. Nilijiambia baba atanipa jingine.

Wiki hiyo hiyo Mwalimu Rehema alituita akatuambia kwamba tumealikwa kwenye mashindano ya vijana Nairobi. Na si hivyo tu. Mwalimu wa michezo wa shule moja kubwa ya sekondari ya wasichana atakuwepo na daftari lake. Anatafuta wachezaji, na atakaowachagua watasomeshwa bila karo.

Mnaelewa maana ya maneno hayo kwa mtoto wa mchongaji na mtoto wa muuza mboga? Mimi na Kaluki hatukulala vizuri tena. Tulijua wazi kwamba bila nafasi ile masomo yetu yataishia darasa la nane. Tuliapa tutakwenda wote wawili, tutalala kitanda cha juu na cha chini.

Mwisho wa wiki nilikimbilia Wamunyu. Nilimwambia baba gongo langu limeharibika na ninataka jingine kabla ya mashindano. Baba alishusha magongo matatu, akayagonga moja baada ya jingine, akatikisa kichwa.

"Hii miti bado iko na maji. Ngoja mpaka wakati ya kuvuna."

Nilimwambia mashindano hayangoji mavuno. Nililia, nikanuna, nikakataa chakula. Akaniambia nimwombe mwenzangu mmoja tubadilishane, nusu acheze yeye, nusu nicheze mimi. Nusu! Niliona kama ananinyima maisha yangu kwa sababu ya ukaidi wa kizee.

Kesho yake asubuhi baba alipeleka vinyago kwa mnunuzi, akaniacha peke yangu. Nilikwenda kwenye kuni kuchukua za kupikia chai... na nikaliona. Gongo zuri, jepesi, kimo changu hasa. Alikuwa amelitupa kwa sababu ya ufa mdogo pale shingoni, mahali mpini unapokutana na kichwa. Ufa wenyewe haukuzidi urefu wa kucha.

Sikuchukua hata muda wa kufikiri. Unga wa mbao ulikuwa chini, gundi ilikuwa rafuni. Nilijaza, nikasubiri, nikapiga msasa, nikapaka rangi ya viatu nyekundu iliyoiva. Mikono yangu ilifanya kazi nzuri kuliko siku zote. Nilipomaliza, mimi mwenyewe sikuuona ule ufa.

Lakini halikuwa na namba, na bila namba Mwalimu hangelikubali. Kwa hiyo nilipasha msumari moto, nikaichoma namba ya baba yangu. Sikuwa na mkono wake. Namba zake zilikuwa nyembamba, za mguso mmoja. Mimi niliukandamiza msumari kwa woga, mbao ikafuka moshi, alama zikatoka nene na nyeusi pembeni. Nililifunga gongo kwa leso nikapanda gari kurudi Katelembo kabla baba hajarejea.

Mwalimu Rehema aliligeuza, akaiona namba, akatabasamu.

"Mzee hajawahi kutuangusha," alisema.

Nilijiwekea sharti moja ili dhamiri inyamaze. Nilisema hakuna mtu mwingine atakayelishika gongo lile. Likivunjika, livunjike mkononi mwangu. Ona ujinga wa mtoto... Nilidhani hatari hukaa mkononi mwa mwenye kosa tu.

Siku ya mashindano ilikuwa Jumamosi, jua limetoka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Uwanja ulikuwa na nyasi fupi zilizokatwa vizuri, tukaogopa hata kuzikanyaga. Wasichana wa timu nyingine walikuwa na viatu vya michezo na magongo ya dukani. Waliyatazama magongo yetu wakanong'onezana. Yule mwalimu wa michezo alikuwa kwenye kiti cha plastiki kando ya mstari, mama mnene mwenye miwani, daftari mapajani.

Kila nilipoupiga mpira nilisikia moyo wangu kabla ya kusikia gongo. Nilipiga kwa nguvu nusu. Nilipenyeza, nilisukuma, nilikwepa kupiga. Wenzangu walidhani nina akili nyingi siku hiyo. Kisha Kaluki akanipasia mpira mzuri karibu na goli, nikasahau kila kitu, nikapiga. Goli! Gongo lilikuwa zima. Nikamwona yule mama mwenye miwani akiinamisha kichwa na kuandika.

Wakati wa mapumziko nilijitenga nikaketi chini ya uzio. Ile rangi ilikuwa imepasuka pale shingoni. Mstari mwembamba ulikuwa umefunguka, mrefu kuliko ule nilioujaza. Nilikuwa nimekuja na kikopo cha rangi ya viatu ndani ya mkoba wangu, kwa hiyo msiseme sikujua. Nilijua tangu nyumbani. Nilichovya kidole nikapaka.

Kaluki akaja na chupa ya maji.

"Gongo yako iko sawa?" aliniuliza.

"Iko sawa."

"Nionyeshe."

"Kaluki, wacha kunisumbua. Nimekwambia iko sawa."

Alinitazama. Kisha akanyoosha lake.

"Shika yangu basi. Mimi nitacheza na hiyo yako, wewe ndio unapiga kona."

Wasomaji, nimekumbuka dakika ile zaidi ya siku yangu ya harusi. Ningeweza kumwambia. Kulikuwa na msichana wa akiba na gongo zima. Ningeweza kwenda kuketi, akaingia yeye. Nilikuwa nimeshafunga goli, nilikuwa nimeshaandikwa. Lakini niliogopa kwamba nikiketi yule mama atafuta jina langu. Nikamwambia Kaluki kila mtu acheze na lake.

Kipindi cha pili kilikuwa kigumu. Walisawazisha. Zikiwa zimebaki dakika chache tukapata kona fupi. Katika kona fupi mchezaji mmoja husimama kwenye mstari wa goli, anausukuma mpira nje kwa mwenzake, naye mwenzake anapiga. Msukumaji wetu alikuwa Kaluki. Mpigaji nilikuwa mimi.

Aliusukuma, mpira ukaja taratibu, umenyooka. Yeye akachomoka mstarini akakimbia kuelekea kwangu, kama alivyofundishwa, ili aumalizie mpira ukirudi. Mwalimu Rehema alikuwa akipiga kelele nipige. Niliinua gongo mpaka juu ya bega nikapiga kwa nguvu zangu zote.

Sikusikia mpira. Nilisikia mlio mkavu, mikono yangu ikawa myepesi. Nilikuwa nimeshika mpini mtupu.

Kichwa cha gongo kiliruka mbele. Kaluki hakupiga ukelele. Alisimama tu, akapeleka mikono usoni, akapiga magoti kwenye zile nyasi nzuri.

Jicho la kushoto halikuokolewa. Madaktari walijaribu siku tatu, kisha wakamwambia mama yake.

Baada ya wiki mbili kulikuwa na mkutano shuleni. Wazazi walikuja, mwenyekiti wa kikundi cha wachongaji alikuja, na baba yangu alikuja amevaa koti lake la pekee. Sisi wachezaji tuliketishwa kwenye benchi ukutani. Vipande viwili vya gongo vilikuwa juu ya meza.

Wazazi walianza na Mwalimu Rehema. Walisema ameleta mchezo wa hatari, walisema mambo mengine kuhusu watu wa mjini ambayo sitayarudia. Alijibu kwa sauti ndogo kwamba aliikagua namba, kama siku zote. Ndipo mwenyekiti alipolichukua lile gongo, akamgeukia baba.

"Wambua, hii namba ni ya nani?"

Baba alikipokea kipande cha mpini kwa mikono miwili. Alipitisha kidole gumba pale palipokatika. Najua alichokigusa, kwa sababu gundi iliyokauka inakwaruza, na rangi ya viatu ilikuwa imeingia ndani hadi katikati. Kisha aliitazama ile namba, nene, nyeusi, iliyounguzwa pembeni. Namba ambayo hakuichoma, kwenye gongo alilolitupa.

Aliinua macho akanitazama.

Hakuwa na hasira. Alinitazama kama mtu anayengoja zamu ya mwenzake kuzungumza. Niliona mama yake Kaluki na kitambaa chake cha kichwa kimeteleza bila yeye kujua. Nikatazama viatu vyangu.

"Namba ni yangu," baba alisema.

"Na ufa huu hukuuona?"

"Gongo ilitoka kwa kibanda yangu. Lawama ni yangu."

Mama yake Kaluki alisimama akamwambia, bila kupaza sauti, kwamba Wambua pia ana mtoto msichana, na akamwuliza angefanyaje kama huyo ndiye angeumia. Baba alivua kofia.

Tulipotoka alinibebea mkoba hadi barabarani. Nilijua sasa ataniuliza. Aliniuliza kama nimekula.

Timu yetu ilikufa siku hiyo. Mwalimu mkuu alipiga marufuku hoki, na magongo mengine yote, yale mazima, yasiyo na kosa lolote, yalipelekwa jikoni yakapikia githeri ya shule. Mwalimu Rehema alihamishwa muhula uliofuata. Kikundi cha wachongaji kilimwondoa baba, kikafuta namba yake. Mtu aliyekataa kudanganya kwa gongo akafukuzwa kwa udanganyifu.

Na mimi? Mimi niliitwa kwenye ile shule ya sekondari. Ndiyo. Barua ilikuja, jina langu lilikuwa limeandikwa kabla ya kona ile. La Kaluki halikuwepo. Nilimsomea baba barua ile nikitumaini atasema usiende. Aliniambia niende nikasome, akaninunulia sanduku la bati.

Bila namba hakuna aliyenunua vinyago vyake. Akaenda kuvunja mawe kwenye machimbo ya Lukenya, mzee yule, mwenye mikono iliyozoea msasa. Alitundika tezo yake kwenye msumari nyumbani na hakuishusha tena. Kila nilipofunga shule nilimkuta amekonda zaidi na kikohozi kimeshuka kifuani zaidi. Kila likizo nilirudi na neno moja mdomoni, na kila likizo niliondoka nalo.

Nilikuwa nimeshamaliza kidato cha nne alipolala kitandani kabisa. Mchana mmoja, nikimlisha uji, nilishindwa. Kijiko kilianguka. Nilimwambia yote, kuni, gundi, rangi, msumari. Nililia mpaka nikakosa pumzi. Yeye aliitazama tezo yake ukutani.

"Nilijua siku ile," alisema. "Hiyo haikuwa moto yangu. Ulichoma mpaka mbao ikalia."

Nikamwuliza kwa nini hakusema.

"Nilikuwa nangoja wewe. Nilisema huyu ni mtoto, ameogopa, wacha apumue, atasema kesho. Kesho ikawa hii miaka yote." Akakohoa muda mrefu. "Sasa kuniambia mimi kunasaidia nini? Enda kwa mwenye jicho."

Niliahidi nitakwenda Jumamosi. Jumamosi nilifua nguo. Jumamosi iliyofuata nilisema baba amezidiwa, siwezi kumwacha. Ya tatu tulimzika.

Nilikwenda kwa Kaluki baada ya mwaka mzima. Alikuwa fundi wa nguo hapa mjini, anashona sare za shule kwenye veranda ya duka. Mama yake Mwalimu Rehema ndiye aliyemfundisha. Aliinamisha kichwa upande mmoja kutunga uzi, na aliutunga kwa mara moja.

"Ndunge," alisema, bila kushangaa. "Kuna kiti hapo."

Niliongea nimesimama. Aliendelea kushona. Mashine ilikwenda, ikasimama, ikakwenda. Nilipofika kwenye ile namba niliyoichoma, mguu wake ulitulia na hakuuinua tena. Nilimaliza nikangoja anitukane, hata anipige. Nilikuwa nimejiandaa kwa yote hayo.

"Baba yako alikuwa anakuja kwetu," alisema. "Wewe ulijua?"

Sikujua.

"Kila mwaka baada ya mavuno. Alikuwa analeta mbaazi kwa kiondo, anasimama kwa lango. Hata wakati alikuwa anakohoa vibaya alikuja. Mama alikuwa anamwambia aweke chini aende. Mimi nilikuwa naketi hapo mlangoni, namwangalia na hili moja, simsalimii." Alitazama mkono wake. "Mwaka wa mwisho aliingia mpaka ndani ya boma. Akaniletea mkono hivi. Mimi nikaficha wangu nyuma."

Nilianza kulia. Aliniambia nisilie kwenye vitambaa vya watu.

"Jicho nilishazoea, Ndunge. Hilo nakusamehe hata leo. Tulikuwa watoto, na wewe ulitaka shule kama mimi. Lakini ulininyamazia nikamchukia mzee wa watu. Ule mkono nitampa nani sasa?"

Nilimwambia twende Wamunyu, nitamwonyesha kaburi. Alitikisa kichwa. Aliniuliza akifika huko atamsalimia nani. Kisha akanyanyua sketi aliyokuwa akiishona, akatafuta mshono wake, akaendelea. Niliketi kwenye kile kiti hadi akafunga duka. Hakunifukuza, wala hakunisemesha tena.

Tangu siku hiyo tunasalimiana. Hapana zaidi ya hapo. Nilikwenda pia kwa kikundi cha wachongaji nikawaeleza. Walinisikiliza kwa heshima, wakaniambia namba mia moja ishirini na saba walishampa kijana mwingine.

Ndugu msomaji, labda na wewe una ufa wako uliouziba vizuri ukaupaka rangi. Labda kuna mtu amesimama mbele za watu akasema kosa ni langu, na wewe unatazama viatu vyako, unasema nitazungumza kesho. Nakuomba kwa machozi, inuka leo. Usingoje Jumamosi. Usifikiri unamficha mtu mmoja tu, kwa sababu wapo wengine ambao unawafanya wamchukie asiye na hatia, na siku watakapojua hawatakuwa na mahali pa kupeleka majuto yao.

Na kama kuna mtu wa Wamunyu au Katelembo anayesoma haya, naomba awaambie wengine. Baba yangu hakuwahi kumpa mtoto gongo bovu. Lile nililitoa mimi kwenye kuni.